Masafa ya Unguja na Maskati

Msafiri apandaye ndege Unguja leo, akaelekea Maskati moja kwa moja bila ya kutua mahali, hukaa angani muda wa saa tano au tano na nusu, na masafa anayoyakata, yakipimwa kwa mstari ulionyooka juu ya uso wa dunia, ni kilomita 3,900 kwa makadirio. Akiondoka saa nne za asubuhi atafika saa kumi na nusu za alasiri kwa saa ya huko, maana Maskati imetangulia Unguja kwa saa moja. Na mtu aliyefunga mkoba wake baada ya kifunguakinywa anaweza, inshallah, kuswali Magharibi pamoja na jamaa waliompokea. Hesabu hii ni sahihi, na kila mwenye ramani na bikari anaweza kuihakiki. Lakini mtu atakaye kuijua tarikhi ya njia hiyo hataipata katika hesabu hii peke yake, kwa sababu masafa baina ya miji hii miwili yalipata kuwa mafupi, yakaja yakarefuka, kisha yakafupika tena, ilhali hapana nchi iliyosogea wala bahari iliyopanuka. Kilichogeuka ni chombo, na pamoja na chombo, mtu mwenye chombo. Nami naona kwamba huyo ndiye aliyekata shauri, katika kila zama, Unguja iwe karibu na nani na iwe mbali na nani.

Njia hii ilizaliwa na upepo. Bara la Asia likipoa, tangu Novemba au Desemba hata Machi, pepo hushuka kutoka kaskazini mashariki zikavuma juu ya Bahari ya Hindi kuelekea pwani yetu, na hizo ndizo kaskazi. Kisha jua likipanda kaskazini na nyika za Asia zikashika moto, hewa hugeuka ikavutwa kutoka kusini, na tangu Aprili hata Septemba ikawa ni kusi. Baina ya pepo hizi mbili kuna tangambili, kipindi ambacho upepo hauna shauri moja. Juu ya hayo lipo sharti jingine ambalo watu wa bara aghalabu hawalijui: kusi ikikolea, mwezi wa Juni na Julai, bahari ya Arabuni huchafuka kiasi cha kufungwa, hata chombo kinachotaka kurejea Omani hakina budi ama kiondoke mapema, kusi ikiwa changa, ama kingoje demani, mwezi wa Agosti na Septemba, nguvu za upepo zinapopungua. Mtu wa Maskati aliyekuwa na azma ya kuja kwetu aliuliza kwanza tumo katika mwezi gani, na jibu la suali hilo ndilo lililomwambia kama Unguja iko mbali au karibu. Na mwezi wenyewe haukuweza kuwa wa Hijria, kwa kuwa mwaka wa Hijria hupungukiwa na siku kumi na moja hivi ukawa unazunguka katika majira yote. Ndiyo maana mabaharia wa bahari hii walishika mwaka wa jua wenye siku 365, wakauhesabu tangu siku ya Nairuzi, na watu wa pwani yetu wakaugawa katika miongo ya siku kumi kumi, ili mkulima ajue wakati wa kupanda na nahodha ajue wakati wa kutweka.

Ukale wa mwendo huu hauna shaka. Kitabu kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1 baada ya Nabii Isa, chaeleza kwamba Waarabu wa Muza, bandari ya Yemeni, walikuwa wakileta vyombo vyao hata Rhapta, mji wa pwani yetu, na kwamba watu wao walikuwa wameoa huku na kuijua lugha ya wenyeji. Ibn Battuta naye, karibu na mwaka 1331, alishuka kutoka Zaila hata Mogadishu, akapita Mombasa, akafika Kilwa, kisha akarejea Dhofar katika Arabuni kwa upepo wa majira. Watu hawa wote walikuwa wakifuata njia ambayo haikuhitaji kuchorwa na serikali wala kuamriwa na kampuni.

Tazama ramani ukaone jinsi njia hiyo ilivyonyooka. Ukiuvuta uzi kutoka Unguja hata Maskati, utapita karibu na Lamu, utakata nchi ya Wasomali mpaka jirani na Ras Asir, pale ncha ya Afrika inapochomoza baharini, kisha utaiangukia Dhofar na kuipita nyika ya Omani hata mwisho wake. Jahazi lililotoka Maskati lilizunguka Ras al-Hadd, likaambaa na pwani ya Arabuni au likakata moja kwa moja kuelekea Ras Hafun, kisha likaishika pwani ya Wasomali mkono wa kulia mpaka Lamu na Unguja. Masafa ya njia hiyo ya maji ni zaidi kidogo ya kilomita 4,100, yaani tofauti yake na njia ya ndege ya leo haifiki hata sehemu moja katika kumi. Upepo uliwapa watu wa kale njia ambayo mhandisi wa leo, pamoja na vyombo vyake vyote, hakuweza kuipunguza ila kwa uchache sana.

Na walijuaje walipo? Jambo hili lafaa kutuliwa, kwa sababu ilimu ya mabaharia hao imezoea kusifiwa kwa maneno ya jumla na watu wasioitazama kwa karibu. Ahmad ibn Majid, mwenyeji wa Julfar, ambaye alitunga kitabu chake kikubwa cha misingi ya ilimu ya bahari mwishoni mwa karne ya 15, ameandika mambo ambayo malimu wa vyombo walikuwa wakiyafanya kila usiku. Chombo chao kikuu kilikuwa ni kamali, kipande cha ubao chenye pembe nne, kilichotobolewa katikati na kupitishwa uzi wenye mafundo. Malimu alilishika fundo kwa meno, akaunyoosha uzi mpaka ukakaza, akaulaza ukingo wa chini wa ubao juu ya upeo wa bahari, na ukingo wa juu ukiigusa nyota ya Jaa, alijua kwa idadi ya mafundo nyota imepanda vidole vingapi. Kidole kimoja ni daraja moja na zaidi ya nusu ya daraja. Kila chombo kikishuka kusini, Jaa nayo hushuka. Maskati iko juu vizuri, Ras Hafun imeinama, Mogadishu imekwisha kuugusa ukungu wa upeo, na mbele ya hapo haionekani tena, hata malimu akalazimika kuzitegemea nyota nyingine, za Farkadi na Naashi, ambazo alizihifadhi pamoja na saa za kuchomoza kwake.

Masafa yenyewe waliyahesabu kwa zamu, na zamu moja ni saa tatu za mwendo, kwa hiyo usiku na mchana una zamu nane. Kanuni yao ilisema kwamba chombo kikienda sawa na kaskazini au kusini kwa upepo mzuri, zamu nane huipandisha au kuishusha nyota kwa kidole kimoja, yaani kilomita 180 hivi kwa siku nzima. Ukiipiga hesabu hiyo katika kilomita 4,100, utapata siku ishirini na tatu. Na majahazi yaliyopata kaskazi safi, pasi na kutua bandari nyingi, yalifika Unguja kwa wiki tatu au nne. Hesabu ya malimu ilikuwa inakubaliana na bahari. Sioni fahari kubwa zaidi kwa ilimu yoyote kuliko hiyo.

Asiyeiheshimu kanuni hiyo alitozwa. Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji ule, akavuka mpaka pwani ya Malabar kwa muda usiotimia mwezi mmoja, kwa kuwa kusi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Watu wengi wamesema rubani huyo alikuwa ni Ibn Majid mwenyewe, lakini wachunguzi wa karibu wameikataa kauli hiyo, nami nakubaliana nao, maana mzee huyo hana haja ya sifa ya kuazima. Katika kurejea, Wareno hawakungoja kaskazi ikakaa sawa. Waliondoka Hindi mwanzoni mwa Oktoba, bahari ikiwa katika tangambili, na hawakuiona pwani ya Afrika, karibu na Mogadishu, ila mwanzo wa Januari 1499. Bahari ni ileile na merikebu ni zilezile, lakini safari iliyochukua wiki nne ilichukua miezi mitatu, na mabaharia thelathini hivi walikufa kwa ugonjwa wa fizi na uchovu kabla ya kufika nchi kavu.

Majira hayo yaliyowafikisha watu yaliwazuia pia, na katika kuwazuia ndimo ulimojengwa udugu. Jahazi lililoingia Unguja Januari halikuwa na upepo wa kurudi mpaka Aprili, na lililokosa nafasi ya Aprili lilingoja demani. Mtu aliyeshusha tende, chumvi, papa mkavu na mazulia alikuwa na miezi ya kuuza, kudai, kukopesha, kununua karafuu, nazi, pembe na boriti za mikoko ya Rufiji, na kadhalika kuoa. Watoto walizaliwa Unguja wakiwa na ndugu Sur na Matrah ambao hawajapata kuwaona, na barua iliyopelekwa kwa demani ikajibiwa kwa kaskazi ilikuwa imekwenda upesi. Laiti watu wa Maskati wangaliweza kuja na kuondoka kwa juma moja, kama wafanyavyo leo, sidhani kama Kiswahili kingekuwa na sura kiliyo nayo, wala Unguja kuwa na nasaba ilizo nazo.

Ni wajibu kusema pia kwamba wako watu waliosafiri njia hii bila ya khiari yao. Vyombo vivyo hivyo vilivyobeba boriti na karafuu vilibeba watumwa, na kwa mtu aliyetolewa nyuma ya Ziwa Nyasa akalazwa chini ya sitaha, upepo mwema ulikuwa na maana nyingine kabisa, kwani kila kidole ambacho Jaa ilipanda kilikuwa ni umbali ambao hangeurejea maisha yake. Mkataba wa 1845, alioufunga Seyyid Said, mfalme wa Omani na Unguja, pamoja na Waingereza, ulikataza watumwa kupelekwa Arabuni, na mkataba wa 1873, zama za mwanawe Seyyid Barghash, ulilifunga soko la Unguja. Ila baina ya miaka hiyo, na hata baada yake, magendo yaliendelea, na kila kaskazi ilipoingia wazazi wa Unguja waliwaficha watoto wao, wakichelea kuibiwa na wageni wa msimu. Atakayeisifu njia ya jahazi na kuliacha jambo hili hakuieleza njia hiyo.

Seyyid Said bin Sultan ndiye aliyejaribu kuutawala ufalme mmoja wenye miji mikuu miwili katika ncha za njia hii. Alifika Unguja mara ya kwanza 1828, na katika miaka ya 1830 akayahamishia huku makao yake, akaipanda karafuu, akawa anakwenda na kurudi kadiri majira yalivyomruhusu. Taabu yake ilikuwa dhahiri: mfalme hakai mahali pawili, na amri yake haiwezi kufika mbele ya jahazi linaloichukua. Alipokuwa Unguja, Omani ilichafuka. Alipokwenda Omani 1854, mwanawe Khalid, aliyemwachia Unguja, akafariki, na baba hakuwa na njia ya kujua ila kwa merikebu. Septemba 1856 alipanda merikebu yake, Victoria, kutoka Maskati, kusi ikiwa haijaisha vizuri, na tarehe 19 Oktoba akafariki baharini karibu na visiwa vya Shelisheli. Mwanawe Majid alikuwa Unguja anamngoja, akatoka kwa mashua kuilaki merikebu katika bahari chafu asikutane nayo. Barghash, aliyekuwamo merikebuni pamoja na maiti ya baba yake, akashuka usiku akamzika bila ya watu wa mji kujua. Mfalme wa nchi mbili alikuwa amekufa siku kadhaa, na nchi zote mbili zilikuwa zingali zikimwombea dua ya umri mrefu.

Ndugu waligombana, Thuwaini akiwa Maskati na Majid Unguja, na waliowaamua walikuwa ni watu wa tatu. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza katika India, alihukumu kwamba falme mbili zitengane na kwamba Unguja iilipe Maskati riali 40,000 kila mwaka. Watu wengi huitaja hukumu hiyo kama jambo la siasa peke yake. Mimi naitazama pia kama alama ya kwanza ya kupinda kwa njia: shauri la Unguja na Maskati lilikuwa limekwenda kuamuliwa India.

Meli za moshi zikaja zikaitimiza kazi hiyo. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, na mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza kuleta barua na abiria kila mwezi kutoka Aden hata Unguja. Mwaka uo huo, tarehe 15 Aprili, kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikaing'oa mikarafuu na kuzizamisha merikebu za Seyyid Barghash bandarini, hata mfalme alipotaka kuwa na vyombo tena hakuwa na sababu ya kujenga vya tanga, akanunua meli za moshi zikawa zinakwenda Bombay. Mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari ukafika kutoka Aden. Meli ya moshi haikuujali upepo, nayo ilikuja kwa tarehe yake kusi na kaskazi. Lakini ilikwenda palipo na bandari ya mwenyewe, na bandari ya mwenyewe ilikuwa Bombay na Aden. Maskati ilihudumiwa na meli za Ghuba, zilizotoka Bombay zikapita Karachi kuelekea Basra. Unguja ilihudumiwa na meli za Afrika. Na mtu aliyetaka kutoka mji mmoja kwenda wa pili kwa moshi alikwenda kwanza India akabadili chombo. Pima masafa yake: kutoka Unguja hata Bombay ni kilomita 4,600, na kutoka Bombay hata Maskati ni kilomita 1,600 kasoro kidogo. Njia iliyokuwa kilomita 4,100 ikawa karibu 6,200.

Kwa hiyo jahazi halikufa, na waliostaajabu kwa nini halikufa hawakuifanya hesabu hii. Kwa mtu wa Sur lilikuwa bado ndiyo njia fupi. Watu hao hao wa Sur walifikia hata kupeperusha bendera ya Ufaransa juu ya majahazi yao ili wapite bila ya kupekuliwa na manowari za Kiingereza, na kesi yake ikafika The Hague, mahakama ya usuluhishi ikatoa hukumu 1905 ya kuwapunguzia haki hiyo. Bahari ambayo baba zao waliipita kwa nyota tu ilikuwa sasa haipitwi pasi na karatasi.

Miaka thelathini na ushei baadaye, Desemba 1938, baharia mmoja wa Australia, Alan Villiers, alipanda bumu la Kikuwaiti katika Aden, lililoongozwa na nahodha Ali al-Najdi, akaja nalo mpaka Mogadishu, Lamu, Mombasa na Unguja, wakateremka Rufiji kupakia boriti, kisha wakarejea kwa kusi wakapita Maskati hata Kuwait mwaka uliofuata. Kitabu alichokitoa 1940, pamoja na picha alizopiga, ni ushahidi bora tulio nao wa jinsi mabaharia walivyokula, walivyoswali, walivyotweka foromali kwa nyimbo, na walivyokaa Unguja wiki nyingi wakimaliza biashara ambayo mfanyakazi wa meli ya moshi angeimaliza kwa siku moja. Villiers alidhani anaziona siku za mwisho za majahazi. Yakaendelea kuja miaka mingine ishirini na zaidi.

Na ndege je? Hapa ndipo watu wengi watakapodhani kwamba njia ilinyooka mara moja, na haikuwa hivyo. Kampuni ya Imperial Airways ilianza kuleta ndege Afrika ya Mashariki 1931, ikiishia Mwanza hapo mwanzo, na 1937 ikaleta ndege za kutua majini ambazo zilitoka Uingereza zikafuata Mto Nili, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi hata Durban. Hazikuruka usiku, jua likichwa abiria walishuka wakalala hotelini. Unguja iliunganishwa na mstari huo kwa ndege ndogo za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi 1929 na Florence Wilson. Kwa upande wa pili, mstari wa kwenda India tangu 1932 ulipita Sharjah, ukatua pia Gwadar, ambayo zama hizo ilikuwa bado mali ya Sultani wa Maskati. Mistari yote miwili ilikutana Misri. Basi, tuseme mtu wa Unguja mwenye fedha nyingi angaliamua 1937 kwenda Maskati kwa ndege: angalipanda mpaka Misri, akateremka kwa Baghdad, Basra na Bahrein mpaka Sharjah, na hata kama kila kipande cha njia hiyo kingalinyooka, angalikata zaidi ya kilomita 6,500 na kubaki na safari ya nchi kavu au ya mashua kuifikia Maskati yenyewe. Chombo chepesi kuliko vyote vilivyopata kuundwa kilikuwa na njia ndefu kuliko vyote. Sababu yake haikuwa katika mabawa wala injini. Mistari hiyo iliwekwa ili gavana na barua yake wafike London, na miji miwili ya kale ikawa ni matawi mawili ya mti mmoja, ambayo hayagusani ila kwa kupitia shina.

Hata baada ya vita hali haikubadilika kwa haraka. East African Airways ilianza kuruka Januari 1946, ikaihudumia Unguja. Lakini Maskati ya Sultani Said bin Taimur ilikuwa imejifunga, lango la mji likikomewa saa tatu baada ya jua kuchwa, na kiwanja chake cha ndege, Bait al-Falaj, kikiwa bonde jembamba baina ya milima lisilofaa ndege kubwa. Kisha yakaja Mapinduzi ya Unguja, Januari 12, 1964, na watu wengi wenye asili ya Omani wakaondoka kwa njia yoyote waliyoipata, baadhi yao kwa majahazi. Wengi hawakupokelewa Omani moja kwa moja, wakatawanyika Ghuba, Misri na Ulaya. Mambo yaligeuka Julai 1970, Sultani Qaboos alipoishika nchi akawaita Waomani walio nje warudi kuijenga. Wakarudi walimu, makarani, madaktari na mafundi waliosoma Unguja, Pemba, Mombasa na Dar es Salaam, wakiwa na Kiingereza cha skuli na Kiswahili cha nyumbani, na kwa miaka mingi ukiingia ofisini Maskati ulikuwa unasikia Kiunguja nyuma ya meza. Mwaka 1973 uwanja wa Seeb ukafunguliwa. 1993 ikaundwa Oman Air. Na njia ya moja kwa moja, Maskati na Unguja, ikapatikana tena, mara hii juu ya mawingu.

Nasema ikapatikana tena, kwa sababu ndege ya jeti imeurudisha ule uzi wa kale karibu vilevile ulivyokuwa, baada ya miaka mia ya kupindapinda kwa Bombay na London. Na abiria aliye dirishani mwezi wa Julai, akiruka zaidi ya mita 10,000 juu ya nchi ya Wasomali, hajui kwamba chini yake, katika kimo kisichofika mita 2,000, unapita mkondo mwembamba wa upepo wa kusi wenye nguvu nyingi mno, ambao mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater aliueleza mwaka 1969 na ambao leo unaitwa kwa jina lake. Huo ndio uliokuwa unafunga bandari za Arabuni. Malimu wa zamani waliujua kwa mawimbi yake.

Waliopotelewa katika mabadiliko haya ni miji ya katikati. Lamu, Brava, Merka na Mogadishu zilikuwa ni vituo. Maji yalitiwa huko, habari zilitolewa huko, na mwana wa nahodha aliozeshwa huko. Leo Lamu iko chini ya njia, haimo ndani yake. Kwa watu wa ncha mbili, lakini, faida ni kubwa mno, na mimi sikubaliani na wale wanaoililia tanga kana kwamba hapakuwa na mtu aliyekuwa anaumia katika kungoja. Dini yetu yahimiza maiti azikwe upesi. Mtoto aliyeko Maskati akipigiwa simu alfajiri kwamba mama yake amefariki Unguja, na ndege ikawa ipo siku hiyo, anaweza kuwahi maziko akautia mkono wake udongo, jambo ambalo watoto wa Seyyid Said waliokuwa Omani, pamoja na ufalme wao wote, hawakuliweza. Ndege ikiwa haipo siku hiyo, basi atapelekwa Dubai, au Doha, au Addis Ababa, kwa vyombo vya wengine na kwa saa zao, akakae ukumbini akingoja kuunganishwa muda ambao mara nyingi huzidi safari yenyewe, na huku Unguja jamaa watakuwa wamekwisha kuswali na kutoka makaburini.